Ukubwa wa molekuli ndio siri ya gesi, petroli, mafuta taa na lami

JANUARI 31, 2009, lori lililosheheni petroli lilipinduka Sachang'wan, karibu na mji wa Molo, katika barabara kuu inayotoka Nakuru kwenda Eldoret. Wakazi na wapita njia walimiminika mahali hapo wakiwa na mitungi na ndoo ili kujitekea mafuta yaliyokuwa yakimwagika. Muda si muda moto ukalipuka na kuwanasa waliokuwa wakiteka pamoja na waliokuwa wakitazama. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha.

Miaka miwili na miezi kadhaa baadaye, Septemba 12, 2011, msiba wa aina hiyo hiyo uliukumba mtaa wa mabanda wa Sinai jijini Nairobi. Petroli iliyovuja kutoka kwa bomba iliingia katika mtaro unaopita kando ya nyumba za watu. Wenyeji walipokuwa wakiiteka, moto ulizuka na kuwaua takriban watu 100.

Sasa hebu msomaji ajiulize swali moja. Iwapo lori lile la Sachang'wan lingekuwa limebeba lami ya kutengenezea barabara, je, maafa hayo yangetokea? La hasha. Lami ingetambaa polepole kandokando ya barabara, iganda, na viatu vya waliokaribia vingenata. Na kama lingebeba dizeli, hatari ingekuwepo, ila moto haungesambaa kwa kasi iliyoonekana siku hiyo.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba petroli, dizeli na lami ni ndugu wa tumbo moja. Zote hutokana na mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini, na kwa kiasi kikubwa zote zimeundwa kwa elementi mbili tu, yaani kaboni na haidrojeni. Ndiyo maana wanasayansi huziita haidrokaboni. Katika ukoo huo huo wamo pia gesi ya kupikia, mafuta taa, mafuta ya injini, nta ya mishumaa na jeli ya kujipaka mwilini.

Ni kipi basi kinachomfanya ndugu mmoja awe hewa, wa pili awe kioevu chepesi kinachowaka kwa cheche moja, na wa tatu awe kitu kigumu kinachostahimili magurudumu ya malori? Jibu kubwa ni ukubwa wa molekuli.

Mnyororo wa kaboni

Molekuli ni chembe ndogo kabisa ya kitu ambayo bado ina sifa za kitu hicho. Katika haidrokaboni za kawaida, atomu za kaboni hushikana moja baada ya nyingine kama shanga katika uzi, huku atomu za haidrojeni zikizizunguka pande zote.

Haidrokaboni iliyo ndogo kuliko zote ni methani. Hiyo ina atomu moja tu ya kaboni na nne za haidrojeni. Ikiongezewa kaboni moja huwa ethani, ikiwa na kaboni mbili na haidrojeni sita. Ya tatu ni propani, ya nne ni butani. Kisha hufuata pentani yenye kaboni tano, heksani yenye sita, heptani yenye saba na oktani yenye nane. Kila hatua huongeza kaboni moja na haidrojeni mbili, na mnyororo huendelea kurefuka hivyo hivyo hadi kufikia makumi na hata maelfu ya kaboni.

Urefu huu una maana gani? Ikumbukwe kwamba molekuli hazikai pweke. Kila moja huvutana kidogo na jirani zake. Mvutano huu hutokana na elektroni za atomu ambazo hazitulii mahali pamoja. Zinapoelemea upande mmoja wa molekuli kwa kitambo kifupi mno, huivuta molekuli iliyo kando. Mwanafizikia Fritz London, mzaliwa wa Ujerumani, ndiye aliyeueleza mvutano huo kwa kina mnamo 1930, na hadi leo unaitwa kwa jina lake.

Mvutano wa London katika sehemu moja ya molekuli ni dhaifu sana. Hata hivyo, haba na haba hujaza kibaba. Molekuli ndefu ina sehemu nyingi za kugusana na jirani zake, kwa hivyo jumla ya mvutano wake huwa kubwa. Molekuli fupi ina sehemu chache za kujishikiza, na ikipata joto kidogo tu hubanduka na kupaa angani.

Mfano wa jikoni utatusaidia. Mimina punje za mchele kutoka sahani moja hadi nyingine nazo zitateleza bila taabu. Kisha jaribu kumimina tambi zilizochemshwa. Zitatoka kwa pamoja zikiwa zimefungamana, na ukivuta mmoja utavuta na zingine. Methani na propani ni kama mchele, ilhali nta na lami ni kama sufuria ya tambi.

Ngazi ya joto

Ushahidi wa jambo hili unapatikana katika viwango vya kuchemka. Methani huchemka na kuwa gesi katika nyuzi 162 chini ya sufuri kwa kipimo cha sentigredi. Ethani huchemka katika nyuzi 89 chini ya sufuri, propani nyuzi 42 chini ya sufuri, na butani karibu kabisa na sufuri.

Kuanzia hapo tunavuka na kuingia katika vioevu. Pentani huchemka katika nyuzi 36, ambazo ni joto la mchana wa kawaida mjini Lodwar au Garissa. Heksani huchemka katika nyuzi 69, heptani 98 na oktani 126. Dekani, iliyo na kaboni 10, huchemka katika nyuzi 174. Ile yenye kaboni 16 hungoja hadi nyuzi 287.

Tena, hiyo yenye kaboni 16 huyeyuka katika nyuzi 18. Hii ina maana kwamba asubuhi ya baridi kule Limuru ingekuwa imeganda, ilhali Mombasa ingekuwa kioevu mchana kutwa. Yenye kaboni 20 huyeyuka katika takriban nyuzi 37, yaani joto la mwili wa binadamu. Huko ndiko tunakoanza kuingia katika milki ya nta.

Msomaji makini atakuwa ameng'amua kwamba pengo kati ya hatua moja na nyingine hupungua kadiri tunavyopanda. Kutoka pentani hadi heksani ni nyuzi 33, kutoka heksani hadi heptani ni takriban 30, na kutoka hapo hadi oktani ni 28 hivi. Sababu yake ni nyepesi. Kuongeza kaboni moja katika mnyororo wa kaboni tano ni badiliko kubwa. Kuongeza kaboni moja katika mnyororo wa kaboni 30 ni sawa na kuongeza mtu mmoja katika mkutano wa hadhara.

Mtungi wa gesi jikoni

Gesi ya kupikia tunayonunua katika mitungi huwa ni mchanganyiko wa propani na butani. Kwa kuwa molekuli hizi ni ndogo, katika joto la kawaida zingekuwa gesi tupu. Hata hivyo, si ndogo kupindukia, na zikishindiliwa kwa kani ya wastani hukubali kuwa kioevu. Ndiyo maana ukitikisa mtungi unasikia kitu kikichezacheza ndani.

Sifa hii ndiyo inayowezesha mama wa nyumbani kubeba kilo sita za gesi kwa mkono mmoja. Lakini pia ndiyo chanzo cha hatari. Lita moja ya kioevu hicho ikivuja hugeuka kuwa takriban lita 250 za gesi.

Ukubwa wa molekuli huamua vilevile mahali gesi hiyo itakapoelekea. Molekuli ya propani ina uzito mara moja unusu hivi kuliko uzito wa wastani wa molekuli za hewa, na ile ya butani ni mara mbili. Kwa hivyo gesi ya mtungi inapovuja hushuka sakafuni, ikatambaa chini ya meza na kitanda, na kujikusanya mahali pa bondeni. Methani kwa upande wake ina takriban nusu tu ya uzito wa hewa, na hupaa juu.

Funzo hapa ni la wazi. Dirisha la juu peke yake halitoshi kuondoa gesi ya mtungi iliyovuja. Fungua mlango ili gesi itiririke nje. Usiwashe wala kuzima taa ya stima, kwa kuwa cheche ndogo ndani ya swichi yaweza kuilipua. Harufu ile mbaya unayoisikia si ya gesi yenyewe. Propani na butani hazina harufu. Hutiwa kemikali inayonuka kimakusudi ili mtu ashtuke mapema.

Wakenya walikumbushwa nguvu ya molekuli hizi ndogo usiku wa Februari 1, 2024, pale lori lililobeba gesi lilipolipuka katika mtaa wa Mradi, Embakasi, jijini Nairobi. Watu kadhaa walifariki na wengine zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Gesi ilikuwa imesambaa kama ukungu kati ya makazi kabla ya kushika moto.

Petroli: kioevu kinachotoroka

Petroli ni mkusanyiko wa haidrokaboni nyingi, hasa zenye kaboni kati ya tano na 12. Baadhi yazo, kama tulivyoona, huchemka katika joto la mchana. Kwa hivyo petroli huanza kutoa mvuke punde tu inapofunguliwa, hata usiku wa baridi.

Ni muhimu kuelewa kwamba kinachowaka si kioevu bali mvuke wake uliochanganyika na hewa. Wataalamu hupima joto la chini kabisa ambalo kioevu hutoa mvuke wa kutosha kushika moto kikisogezewa cheche. Kwa petroli, joto hilo ni takriban nyuzi 40 chini ya sufuri. Hakuna mahali popote nchini Kenya, hata kileleni mwa Mlima Kenya, ambapo petroli ni salama mbele ya cheche. Kwa mafuta taa, kiwango hicho ni zaidi ya nyuzi 38, na kwa dizeli huwa zaidi ya nyuzi 50.

Wengi hudhani kwamba petroli huwa hatari zaidi kwa sababu ina nguvu nyingi zaidi. Sivyo. Kilo moja ya petroli na kilo moja ya dizeli hutoa kiasi cha joto kinachokaribiana sana. Tofauti ni kwamba petroli huitoa nguvu hiyo kwa fujo kwa sababu tayari imo hewani, ikiwa imechanganyika na oksijeni na kungoja cheche.

Mvuke huo nao ni mzito, mara tatu hadi nne kuliko hewa. Hauonekani kwa urahisi. Hutambaa ardhini, ukafuata mitaro na mabonde, na unaweza kulifikia jiko au sigara iliyo mbali na mahali petroli ilipomwagika. Kisha moto hurudi nyuma kwa kufuata mkondo ule ule wa mvuke hadi kwenye chanzo. Mtu aliyesimama Sachang'wan akidhani yuko mbali na petroli alikuwa tayari amezingirwa na mvuke hadi magotini. Nguo zake zilikuwa zimeloa mvuke huo huo.

Hii ndiyo sababu polisi huwafukuza watu kutoka mahali lori la petroli limeanguka. Si kwamba wanawanyima riziki. Hata simu, pikipiki inayowashwa au chuma kinachogongana na jiwe vyaweza kuleta cheche.

Mafuta taa na hila za wafanyabiashara

Mafuta taa yana molekuli zenye kaboni zipatazo 10 hadi 16. Huu ni ukubwa wa wastani, na ndio uliyafanya yawe rafiki wa nyumba za watu wa kawaida kwa zaidi ya karne moja. Ni mepesi kiasi cha kupanda utambi wa koroboi, lakini si mepesi kiasi cha kujaza chumba mvuke wa kulipuka. Ukidondosha njiti ya kiberiti inayowaka ndani ya mafuta taa yaliyo baridi, mara nyingi njiti huzimika. Utambi ndio unaoyapasha joto, kidogo kidogo, hadi yatoe mvuke wa kuwaka.

Masizi tunayoyaona kwenye kioo cha taa pia yana uhusiano na ukubwa. Molekuli ndogo kama ya propani huchanganyika na hewa vizuri na kuwaka kwa mwali wa samawati. Molekuli kubwa huhitaji oksijeni nyingi zaidi na huchanganyika kwa uzito, hivyo baadhi ya kaboni yake hubaki bila kuungua na kuwa moshi mweusi.

Balaa huanza pale mpaka kati ya ndugu hawa unapovurugwa. Mafuta taa yakichanganywa na petroli, hata kwa kiasi kidogo, molekuli ndogo za petroli hupaa na kujaza nafasi iliyo juu ya mafuta ndani ya koroboi au stovu. Taa iliyokuwa salama jana hugeuka kuwa bomu leo. Mchuuzi anayetumia mtungi mmoja kupimia petroli na kisha mafuta taa anaweza kuua familia nzima bila kukusudia.

Kuna wale wanaofanya kinyume chake, na hao hukusudia. Kwa miaka mingi ushuru wa mafuta taa ulikuwa mdogo kuliko ule wa dizeli na petroli ili kumpunguzia mlalahoi gharama ya maisha. Walaghai wakapata mwanya wa kuyachanganya na dizeli au petroli na kuuza kwa bei ya juu. Mwaka 2018 serikali ilitoza ada ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuondoa faida ya ulaghai huo. Aliyeumia ni pamoja na yule aliyekuwa akiyatumia kwa taa na stovu.

Madhara kwa gari yanaelezwa na ukubwa huo huo wa molekuli. Pampu ya injini ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Ikitiwa mafuta taa, ambayo ni mepesi zaidi, vyuma hukosa utando wa kutosha na husagana hadi kuharibika. Katika injini ya petroli, minyororo mirefu ya mafuta taa hushika moto kabla ya wakati wake na dereva husikia injini ikigonga.

Mtoto akinywa mafuta taa

Kuna jambo moja ambalo kila mzazi anafaa kulifahamu. Mafuta taa mara nyingi huwekwa katika chupa za soda au maji, na mtoto mdogo anayekiona kioevu kisicho na rangi hudhani ni maji.

Hatari kuu haiko tumboni. Iko kwenye mapafu. Kwa kuwa molekuli za mafuta taa hazijafungamana sana, kioevu hicho huteleza na kuenea upesi juu ya chochote kinachoguswa. Kikikosea njia na kuingia kwenye koo la hewa, hata kiasi cha kijiko, husambaa katika mapafu na kuyachoma, na mtoto hupata homa ya mapafu. Mafuta mazito kama ya injini hayatelezi kwa urahisi huo.

Hapo ndipo penye kosa linalofanywa na wengi kwa nia njema. Humtapisha mtoto. Mafuta yaliyokuwa yametulia tumboni hupita kooni mara ya pili, na nafasi ya kuingia mapafuni huongezeka maradufu. Usimtapishe, wala usimlazimishe kunywa maziwa au kitu kingine kitakachomfanya atapike. Mvue nguo zilizoloa, kisha mkimbize hospitalini hata kama anaonekana mzima, maana kukohoa na kuhema kunaweza kuanza saa kadhaa baadaye.

Dizeli, mafuta ya injini na mnato

Juu ya mafuta taa kuna dizeli, ambayo molekuli zake nyingi zina kaboni kati ya 12 na 20 hivi. Baada ya hapo ni mafuta ya kulainishia injini, yenye kaboni 20 hadi 50. Sifa inayojitokeza zaidi hapa ni mnato, yaani ukaidi wa kioevu kutiririka. Minyororo mirefu hujisokota na kufungamana, na mmoja haupiti bila kuusukuma mwingine.

Katika injini, ukaidi huo ndio unaotakiwa. Mafuta hayo hukaa kati ya vyuma na kukataa kubanwa nje. Yakipata joto, molekuli huchangamka na mnato hupungua, ndiyo maana mafuta ya injini iliyotoka safarini hutiririka kama maji na yale ya injini iliyolala nje usiku kucha hutoka kwa kujivuta.

Mafuta ya Turkana yanayoganda

Kuanzia kaboni 20 hivi kwenda juu, haidrokaboni zilizonyooka huwa nta. Mshumaa ni mfano unaojulikana na kila mtu. Jeli tunayojipaka ni mchanganyiko wa nta na mafuta mazito, na hulainika kwa joto la kiganja.

Suala la nta lina uzito wa kitaifa kwetu. Machi 2012, kampuni ya Tullow Oil iligundua mafuta katika kisima cha Ngamia-1 katika eneo la Turkana. Mafuta hayo ni mepesi kwa uzito, lakini yana nta nyingi. Chanzo chake ni mwani na viumbe wengine wa maziwa ya kale yaliyokuwa katika Bonde la Ufa, ambao mabaki yao yalizikwa na kupikwa ardhini kwa mamilioni ya miaka. Viumbe wa aina hiyo huacha minyororo mirefu ya kaboni.

Mafuta hayo hutoka kisimani yakiwa ya moto na yakitiririka. Yakipoa, nta huanza kuganda na yote huwa kama jeli. Bomba la kawaida lingeziba. Wakati wa majaribio yaliyoanza Juni 2018, mafuta yalisafirishwa kwa malori kutoka Lokichar hadi Mombasa katika matangi maalumu ya kuhifadhi joto, na shehena ya kwanza ikauzwa ng'ambo Agosti 2019. Mpango wa kujenga bomba hadi Lamu nao umekuwa ukizingatia kwamba ni sharti lipashwe joto njia nzima.

Majirani zetu wa Uganda wamekabiliwa na kitendawili kicho hicho. Mafuta ya eneo la Ziwa Albert pia yamejaa nta. Ndipo bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga, Tanzania, likabuniwa kuwa la kupashwa joto kwa umeme ili mafuta yasipoe chini ya nyuzi 50. Gharama yote hiyo ya kupasha joto inatokana na atomu chache za ziada katika mnyororo.

Lami na mfuko wa plastiki

Molekuli kubwa zaidi katika mafuta ghafi hubaki chini ya mtambo wakati zingine zote zimeshapaa. Hiyo ndiyo lami. Haina mvuke wa maana katika joto la kawaida, haiyeyuki katika maji, na hulazimika kupashwa joto la zaidi ya nyuzi 100 ndipo imwagike barabarani.

Mwanadamu hakutosheka na minyororo ya asili. Viwandani huunganisha molekuli ndogo za ethini, zenye kaboni mbili, hadi kupata minyororo ya maelfu ya kaboni. Matokeo yake ni polithini, ile ile ya mifuko iliyopigwa marufuku nchini Agosti 28, 2017. Polithini haina kiwango cha kuchemka. Minyororo yake imevutana kwa nguvu kiasi kwamba ukiendelea kuipasha joto, itakatika vipande kabla ya kupaa. Kutoka methani isiyoonekana hadi mfuko unaokaa shimoni miaka na mikaka, ni kaboni na haidrojeni zile zile.

Umbo nalo lina neno

Isidhaniwe kwamba urefu peke yake ndio wenye usemi wa mwisho. Umbo pia huchangia. Pentani iliyonyooka huchemka katika nyuzi 36, lakini kaboni zake tano zikipangwa kama msalaba huchemka katika nyuzi 9.5 hivi. Idadi ya atomu ni ile ile. Tofauti ni kwamba molekuli ya mviringo kama mpira hugusa jirani zake kwa sehemu ndogo kuliko iliyonyooka kama fimbo.

Matawi hayo yana faida katika injini. Heptani iliyonyooka hugongesha injini vibaya na hupewa alama sufuri. Aina moja ya oktani yenye matawi huwaka kwa utulivu na hupewa alama 100. Nambari ya okteni inayotajwa katika vituo vya petroli hutokana na kipimo hicho.

Kutenganisha ndugu

Kwa kuwa kila ukubwa una kiwango chake cha kuchemka, mafuta ghafi hutenganishwa kwa kupashwa joto na kuingizwa katika mnara mrefu ulio na moto chini na ubaridi juu. Molekuli ndogo hupanda hadi kileleni zikiwa mvuke, za wastani hugeuka kuwa vioevu katikati, na kubwa husalia chini. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilifanya kazi hiyo tangu miaka ya 1960 hadi kiliposimamisha shughuli za kusafisha mafuta mwaka 2013. Tangu wakati huo Kenya hununua mafuta yaliyokwisha kusafishwa.

Mahitaji ya soko hayalingani na kile ardhi inachotoa. Wateja wa petroli ni wengi kuliko wa mafuta mazito. Hivyo viwanda vya kisasa huikata minyororo mirefu kwa joto na vichocheo ili kupata mifupi inayotakikana.

Mambo haya yanaweza kuonekana kuwa ya maabara na vitabu vya kidato cha pili. Lakini elimu hiyo ndiyo ingemwambia kijana wa Sachang'wan kwamba kilichomzunguka hakikuwa mafuta ya bure, bali wingu lisiloonekana la molekuli ndogo zilizokwisha kutoroka ndoo. Mitungi ya mafuta taa na ya petroli isichanganywe. Chupa ya mafuta taa iwekwe mbali na watoto. Mtungi wa gesi usimame wima penye hewa. Na lori la petroli likianguka, kimbia, tena ukimbie kuelekea upande wa juu wa mteremko.